Sura ya Saba: Hesabu ya Ua Huanzia Ardhini

Katika mitaa mipya ya Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Kinyerezi na Chanika, nyumba humalizika mara mbili. Mara ya kwanza ni siku familia inapohamia, hata kama dari bado na rangi ni ya mkono mmoja. Mara ya pili huja baadaye, pengine baada ya miaka ya kukanyaga vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hiyo ni siku ua unapopata sakafu: njia ya gari kutoka getini, njia ya miguu ubavuni mwa nyumba, na baraza la nyuma la kupumzikia jioni.

Kazi hiyo huanza kwa swali moja. “Fundi, skwea mita moja shilingi ngapi?” Fundi hutaja bei ya tofali na bei ya kupanga, mwenye nyumba huzidisha kwa ukubwa wa ua wake, na papo hapo bajeti inahesabiwa kuwa imekamilika. Wiki chache baadaye fedha zimekwisha, rundo la udongo uliochimbwa limeziba geti, na nusu ya ua bado ni shimo.

Fundi hajadanganya. Amejibu alichoulizwa. Kasoro iko kwenye swali lenyewe, kwa sababu tofali ni tabaka la mwisho tu, na sehemu kubwa ya fedha za ua hufukiwa chini yake. Sura hii inapanga hesabu upya, kutoka chini kwenda juu.

Pwani ilijua kukaa nje

Sehemu ya kukaa nje ya nyumba si anasa iliyoletwa na majarida ya mapambo. Kilwa Kisiwani, magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, bado yanaonyesha nyua zilizo wazi kwa anga na bwawa la pembe nane. Katika mji wa kale wa Lamu, ulioingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba za mawe zina daka mlangoni kwa ajili ya wageni na kiwanda, yaani ua wa ndani, kwa ajili ya hewa na mwanga. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha hiyo mwaka 2000, unajulikana kwa mabaraza ya mawe yaliyoshikana na kuta za mitaani. Watu hukaa hapo kwa kahawa, bao na mazungumzo. Mvua kubwa ikijaza vichochoro, mabaraza hayohayo huwa njia ya kupitia bila kulowa miguu.

Mabaraza hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Yeyote anayepanga ua leo ana la kujifunza kwenye umbo lake: pa kukaa pako juu, pa kupitia maji pako chini, na kimoja hakizibi kingine.

Tofali la zege la kupanga ardhini ni geni zaidi. Lilienea kwanza Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati miji kama Rotterdam ilihitaji kutengeneza barabara kwa kasi zaidi kuliko matofali ya udongo wa kuchoma yalivyopatikana. Leo Watanzania wengi huliita pevingi, na Wakenya huliita kabro. Sifa yake kubwa ni kwamba hung’olewa na kurudishwa. Bomba la maji likipasuka chini ya njia ya gari, matofali hutolewa, bomba hutengenezwa, kisha matofali yaleyale hupangwa tena. Jamvi la zege likivunjwa kwa ajili ya bomba, hubaki na kiraka maisha yake yote.

Uhuru huo wa kutoa na kurudisha una sharti lake. Tofali halijashikwa na saruji kwa mwenzake. Linategemea kilicho chini yake na kilicho pembeni yake.

Matabaka manne na kingo

Ua uliojengwa vizuri ukikatwa kwa upande, huonekana matabaka manne. La chini kabisa ni ardhi yenyewe, iliyoondolewa mizizi na udongo wa juu wenye mboji, kisha ikashindiliwa. La pili ni msingi wa moramu au kokoto zenye vumbi lake, wenye unene wa sentimita 10 hivi mahali pa kupita watu, na 15 mahali pa kupita gari dogo. La tatu ni mchanga wa kulalia tofali, kati ya sentimita 3 na 5. La juu ni tofali: milimita 60 kwa watu na magari madogo, milimita 80 panapopita malori. Kuzunguka yote hayo kuna mawe ya kingo yaliyoshikwa kwa zege.

Kila tabaka lina kazi yake, na fedha ikinyimwa mahali fulani, matokeo huonekana mahali pengine. Msingi husambaza uzito wa gurudumu ili usitue sehemu moja. Mchanga ni wa kusawazisha, si wa kujazia mabonde. Fundi akiokoa moramu kwa kuweka mchanga wa sentimita 10 penye shimo na 3 penye mwinuko, tofali litazama penye mchanga mwingi, na dimbwi litajichora hapo mvua ya kwanza. Kingo nazo hazipo kwa urembo. Zikikosekana, matofali ya pembeni husogea nje kidogo kidogo, maungio hufunguka, mchanga huchukuliwa na maji, na ulegevu huo husafiri hadi katikati ya ua.

Ardhi ndiyo inayoamua ukubwa wa bili. Udongo wa kichanga wa pwani hunywa maji upesi na hushindilika vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana kwenye mabonde mengi na katika sehemu kubwa za Nairobi, huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Huo haushindiliwi na kusahauliwa. Huchimbwa, hutolewa, na nafasi yake hujazwa moramu. Ndiyo sababu bei ya ndugu aliyejenga mtaa mwingine haifai kuhamishwa nzima nzima.

Kuna kipimo kisichohitaji mtaalamu. Lichimbwe shimo la kina cha nusu mita, lijazwe maji, na yakishanyonywa lijazwe tena. Maji ya mara ya pili yakiondoka ndani ya saa chache, ardhi hiyo inapitisha maji. Yakilala hadi kesho yake, bajeti iongezwe fungu la mtaro au bomba la kuyatoa.

Ua wa mfano

Tuchukue ua wa kawaida. Njia ya gari ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 12, yaani skwea mita 36. Baraza la nyuma ni mita 5 kwa 4, yaani 20. Njia ya miguu ya upana wa mita 1 ina urefu wa mita 14. Jumla ni skwea mita 70.

Tofali la mstatili la sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika skwea mita moja, hivyo yanahitajika 3,500. Yaongezwe asilimia 5 kwa yatakayokatwa na kuvunjika, na yanakuwa 3,675. Ua ukiwa na mikunjo au matofali yakipangwa kwa mshazari, nyongeza iwe asilimia 10. Tofali moja la milimita 60 lina uzito unaokaribia kilo 2.8. Mzigo wote unazidi tani 10, na hapo usafiri na ushushaji vinakuwa mafungu halali ya bajeti.

Sasa tushuke chini. Penye gari pachimbwe sentimita 25, yaani 15 za msingi, 4 za mchanga na 6 za tofali. Penye watu pachimbwe 20. Udongo utakaotoka ni mita za ujazo 9 na 6.8, jumla 15.8. Udongo ukichimbwa huumuka kwa takriban robo, kwa hiyo kuna karibu mita za ujazo 20 za kupeleka mahali. Rundo hili ndilo husahaulika kuliko vyote. Kama kuna bonde kiwanjani la kujaza, ni faida. Kama hakuna, gari la kuuondoa lina bei yake.

Msingi unahitaji mita za ujazo 5.4 penye gari na 3.4 penye watu, jumla 8.8 baada ya kushindiliwa. Moramu hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo inunuliwe 11 hivi. Mchanga wa kulalia ni mita za ujazo 2.8; pamoja na unaopotea na ule mwembamba wa kufagilia kwenye maungio, ziwekwe 3.5. Kingo ni mita 24 kwa pande mbili za njia ya gari, 13 kuzunguka baraza upande usio na ukuta, na 14 kwa upande wa nje wa njia ya miguu, jumla 51. Zege la kuzishika, likiwa na upana na kina cha sentimita 15, ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Kwa uwiano wa 1:2:4, hiyo ni mifuko 8 ya saruji ya kilo 50.

Moramu na mchanga huuzwa kwa tripu, na tripu hazilingani. Kabla ya kukubali bei, bodi la gari lipimwe kwa futi kamba: urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Gari mbili zenye bei moja zinaweza kutofautiana kwa mita nzima ya ujazo.

Kutoka vipimo hadi shilingi

Bei zifuatazo ni za kufundishia hesabu. Msomaji aziondoe na kuweka za mtaani kwake, lakini mafungu yote yabaki.

- Matofali 3,675 kwa shilingi 450: 1,653,750
- Usafiri na ushushaji wa matofali, tripu 2 kwa 80,000: 160,000
- Moramu, mita za ujazo 11 kwa 25,000: 275,000
- Mchanga, mita za ujazo 3.5 kwa 35,000: 122,500
- Mawe ya kingo, mita 51 kwa 6,000: 306,000
- Saruji, mifuko 8 kwa 17,000: 136,000
- Mchanga na kokoto za zege la kingo: 100,000
- Kuondoa udongo, mita za ujazo 20 kwa 12,000: 240,000
- Kukodi mashine ya kushindilia, siku 2 kwa 80,000: 160,000
- Kuchimba na kusawazisha, skwea mita 70 kwa 3,000: 210,000
- Kupanga tofali, skwea mita 70 kwa 7,000: 490,000
- Mtaro na shimo la kunyonya maji: 350,000

Jumla ni shilingi 4,203,250, karibu 60,000 kwa skwea mita. Yule aliyezidisha bei ya tofali na ya kupanga peke yake, yaani 22,500 na 7,000 kwa skwea mita, alipata 2,065,000. Hakufika hata nusu.

Juu ya jumla hiyo iwekwe akiba ya asilimia 10, ambayo ni shilingi 420,325. Akiba hii si ya kupandisha hadhi ya tofali wala kuongeza taa za bustani. Ni ya vitu vilivyojificha ardhini: kisiki cha mwembe, bomba la zamani lisilojulikana, kifusi cha ujenzi kilichofukiwa na aliyejenga nyumba, au mfuko wa udongo laini penye shimo la taka la miaka iliyopita. Penye udongo wa mfinyanzi, asilimia 15 ni busara zaidi. Kwa bei hizi, bajeti kamili ya ua wa mfano inafika shilingi 4,623,575, na tofali lenyewe linachukua kidogo zaidi ya theluthi.

Maji yapewe njia yake

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya skwea mita moja ni lita moja ya maji. Kwa kipimo hicho kila mwenye nyumba anaweza kujihesabia. Mvua ya milimita 50 kwa siku si jambo la ajabu Dar es Salaam wakati wa masika. Juu ya ua wa skwea mita 70 hiyo ni lita 3,500. Juu ya paa la skwea mita 120, lisilo na gata, ni lita nyingine 6,000, nazo zote huanguka kwenye ua uleule. Sehemu ya maji hayo ilikuwa ikizama ardhini. Baada ya pevingi, mengi yatateleza na kutafuta pa kwenda, na pa karibu zaidi ni ukuta wa nyumba au kwa jirani.

Dar es Salaam inakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuhamishia familia za mabondeni Mabwepande. Ua mmoja hauleti gharika, lakini mitaa yenye maelfu ya nyua zilizozibwa huteremsha maji yote kwa wakati mmoja kuelekea bonde la Msimbazi na mito mingine ya jiji. Uingereza, baada ya mafuriko makubwa ya 2007, ilibadili kanuni zake: tangu Oktoba 1, 2008, anayetaka kuzibia bustani ya mbele ya nyumba yake eneo linalozidi skwea mita 5 kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza kwenye ardhi inayoyanyonya, lazima aombe kibali cha mipango. Tanzania haihitaji kusubiri kanuni kama hiyo ili wenye nyumba wafanye hesabu hiyo wenyewe.

Kanuni za kiufundi ni chache. Uso wa ua uwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15, ili unyevu usipande ukutani. Mteremko uwe wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Baraza lenye kina cha mita 4 litashuka sentimita 8, kiasi ambacho meza na viti havitakilalamikia. Mteremko huo utengenezwe kwenye ardhi na kwenye msingi, wala usiachiwe mchanga. Fundi aweke kamba na apime kwa pima maji, au kwa mpira mwembamba wenye maji, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Shimo la kunyonya maji nalo lisipewe sifa lisizo nazo. Shimo la mita moja kila upande, likijazwa mawe, hubakiwa na nafasi ya theluthi hivi, yaani lita mia tatu na kitu. Mbele ya lita 9,500 ni kikombe. Kwa hiyo mzigo ugawanywe: gata zipeleke maji ya paa kwenye tanki, ua umwage maji kwenye majani na migomba, na shimo, likiwa mbali na msingi wa nyumba, lipokee kinachobaki. Maji ya mvua yasielekezwe kwenye chemba ya choo. Chemba hujaa, na kinachofurika si maji ya mvua tena.

Kati ya geti na barabara kuna jambo la kisheria. Kipande hicho mara nyingi ni hifadhi ya barabara. Kuziba mtaro wa barabara kwa kifusi na pevingi ili gari lipite ni kuhamishia mafuriko kwa majirani, na ni kuweka fedha mahali panapoweza kuvunjwa bila fidia. Kalavati la kuvukia liulizwe kwanza serikali ya mtaa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Tofali lenye umri na tofali changa

Pevingi hutengenezwa kwenye viwanda vyenye mashine kubwa za kugandamiza, na pia kwenye karakana ndogo za pembezoni mwa barabara. Karakana ndogo inaweza kutoa tofali zuri, na kiwanda kinaweza kutoa baya. Linalotofautisha ni saruji, maji na muda. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Siku ya 7 huwa limefikia takriban theluthi mbili tu. Tofali linalopakiwa kwenye gari likiwa na siku nne, bila kumwagiwa maji, litamomonyoka pembe kabla hata halijafika kwa mnunuzi.

Mnunuzi aulize tofali limemwagwa lini na limemwagiliwa siku ngapi. Agonganishe mawili: yaliyokomaa hutoa mlio mkali, na machanga hutoa sauti ya bubu. Alikwaruze moja kwa msumari. Avunje moja, alilipie, na aangalie ndani: mawe yawe yametapakaa sawasawa, bila matundu wala tabaka la rangi juu na mchanga mtupu chini. Aangalie pia mfuko wa saruji inayotumika. Namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa pale ni daraja la nguvu yake, na la pili ndilo lenye nguvu zaidi. Mwisho aagize mzigo wote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya mchanganyiko mmoja na mwingine.

Mawe ya asili ni chaguo jingine zuri kwa baraza. Kenya inayo mawe ya Mazeras, yanayochimbwa karibu na Mombasa, na Tanzania inayo mawe ya Tanga. Hayo hayalingani unene, hukatwa polepole na huhitaji mwashi mzoefu, kwa hiyo fungu la ufundi lipande. Vigae vinavyong’aa vibaki ndani ya nyumba. Nje, vikilowa, ni hatari kwa wazee na watoto.

Mkataba na malipo

Bei ya maneno hubadilika kila inaporudiwa. Karatasi moja inatosha kwa kazi ya ukubwa huu, iandikwe ukubwa wa eneo, unene wa kila tabaka, aina ya tofali, mteremko unakoelekea, nani ananunua nini, nani anaondoa udongo, na siku ya kumaliza. Unene ukiandikwa, unapimika. Mwenye nyumba akija na rula kabla ya mchanga kumwagwa, ataona kama msingi ni sentimita 15 au ni 6. Mchanga ukishamwagwa, ushahidi umefukiwa.

Malipo yafuate hatua: sehemu baada ya kuchimba na kushindilia, sehemu baada ya msingi na kingo, sehemu baada ya kupanga. Vifaa vinunuliwe na mwenye nyumba mwenyewe au kwa risiti, na kila bei iulizwe kama ina VAT au haina. Mikataba mikubwa ya ujenzi huwa na kiasi kinachozuiliwa hadi kipindi cha uangalizi kiishe. Utaratibu huo unafaa hata kwa ua wa skwea mita 70: asilimia 10 ya ufundi ibaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi aelezwe hivyo tangu mwanzo, naye apewe haki yake bila kuzungushwa pale maji yatakapopita vizuri.

Msimu nao una bei. Kati ya Juni na Septemba ardhi ya Dar es Salaam imekauka, magari ya moramu hayakwami, na shimo halijai maji usiku. Anayeanza Machi analipia vibarua wa kukausha tope.

Fedha zikiwa pungufu

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Fedha zikipungua, wengi hupunguza unene: moramu inaachwa, kingo zinaahirishwa, mashine inabadilishwa kwa gogo la mnazi. Kinachopaswa kupunguzwa ni eneo.

Njia ya gari ni mfano mzuri. Badala ya kupanga upana wote wa mita 3, zinaweza kupangwa njia mbili za magurudumu, kila moja yenye sentimita 60, na majani yakaachwa katikati. Eneo linashuka kutoka skwea mita 36 hadi 14.4. Matofali 1,080 yanaokolewa, ambayo kwa bei ya mfano ni shilingi 486,000, na ufundi unapungua kwa 216,000. Kingo zinaongezeka kwa mita 24, yaani 144,000 na zege lake, lakini faida inabaki kubwa, na majani yale yanakunywa maji.

Njia nyingine ni kujenga kwa awamu. Msimu wa kwanza ushughulikie usawa wa ardhi yote, mitaro, na mabomba matupu ya plastiki yanayopita chini ya njia ya gari kwa ajili ya nyaya na maji ya baadaye. Bomba hilo tupu ni bei ndogo leo, na kesho linaokoa kung’oa ua. Msimu wa pili ijengwe njia. Baraza lifuate. Miti iliyopo ihesabiwe ndani ya mpango: mkungu au mwarobaini una mizizi yenye nguvu ya kuinua tofali, kwa hiyo uachiwe mraba wa udongo wazi kuuzunguka. Kivuli chake hakina bei sokoni, na baraza lisilo na kivuli halikaliki saa nane mchana.

Kwa bei za mfano, mwenye shilingi milioni 3 ana uwezo wa kujenga skwea mita 45 zilizo kamili, zenye msingi, kingo, mteremko na akiba. Ajenge hizo 45. Zile 25 zilizobaki apande majani, na azirudie msimu mwingine wa kiangazi, fedha zitakapopatikana.